Nyoki za viazi: mara raba, mara uji. Nakosea wapi?

MamaFahmi, Mombasa
Hamjambo wapishi. Nimejaribu mara mbili kupika nyoki, zile tonge ndogo za viazi na unga za Kitaliano, za kuchemsha (wenyewe huandika gnocchi), na mara zote nimeaibika. Mara ya kwanza nilimenya kilo moja ya viazi, nikavikatakata, nikavichemsha mpaka vikarojeka, nikaponda kwa mwiko. Donge likawa linanata vidoleni, nikaongeza unga, nikaongeza tena, nusu kilo ikaisha. Zikatoka raba tupu. Baba Fahmi alitafuna moja taarifa ya habari nzima. Mara ya pili nikaogopa unga, zikamumunyuka sufuriani. Nikataka kuokoa japo katlesi, wapi! Na Ijumaa wifi yangu anakuja.

Mpishi Mstaafu, Malindi
Mwanangu, nimepika kwenye nyumba za Wataliano hapa Malindi miaka kumi na moja. Unga usiulaumu, shida yako ni maji. Kiazi kilichomenywa na kukatwa hunywa maji, na hayo maji ndiyo yanayodai unga. Chemsha na maganda yake, viazi vya ukubwa mmoja, uanze na maji baridi. Menya vingali moto, ushike kwa kitambaa, upitishe kwenye chujio la waya kwa mgongo wa kijiko, kisha utandaze mezani. Ule mvuke uache uende zake.

Kilo ya viazi, unga gramu 250 hadi 300, yai moja, chumvi. Bibi niliyempikia mwisho yai hakutaka hata kulisikia. Mimi nikiwa na wageni natia. Na usikande kama chapati! Chapati tunaitaka ivutike, hii ikianza kuvutika ndiyo raba yako hiyo. Likishashikana, acha. Kata kipande kimoja ukitumbukize kwanza kwenye maji yanayochemka. Kikivunjika, ongeza unga kiganja kimoja.

MamaFahmi
Shikamoo mzee. Hapa sokoni napata viazi aina ya shangi tu, itafaa?

Mpishi Mstaafu, Malindi
Marahaba. Itafaa, ila huwahi kupasuka ganda, kwa hiyo moto wa wastani. Usichukue vipya ambavyo ganda lachubuka kwa kidole, vina maji mengi.

Kijana wa Verona
Dada, huku Verona, Italia, kuna Ijumaa ya kanivali ambayo ni ya nyoki kabisa: mzee mwenye ndevu nyeupe anapita mitaani na uma mkubwa kama mkuki, nyoki imechomekwa juu! Nyongeza yangu ndogo: ile michirizi ya kubingirisha kila moja kwenye meno ya uma usiiruke, ndiyo inayoshika mchuzi. Zikielea tu, ziopoe kwa upawa wa matundu. Ukizimwaga zote kwenye chujio zitapondana.

MamaFahmi
Nimejaribu leo kwa viazi vitano. Zimeelea! Mchuzi wa nyanya na kitunguu thomu. Baba Fahmi kauliza kwa nini nimechemsha katlesi, kisha kaongeza sahani ya pili.