Saipresi gani itavumilia mchanga, unyevu na upepo wa chumvi?

Mama Vitalu
Wadau, naombeni msaada. Nyumba iko mita 200 kutoka baharini. Udongo ni mchanga mtupu, na unyevu haupungui mwaka mzima. Mwaka juzi nilipanda saipresi 8, zile nyembamba kama mshumaa, nusu mita kati ya mche na mche, nikawa nazimwagilia kila jioni kuanzia kileleni. Sasa 5 zimekauka tawi baada ya tawi, na gome linavuja utomvu. Roho inaniuma. Nipande ipi badala yake?

Mzee wa Miche
Pole sana, mama. Tawi kufa peke yake huku gome likivuja utomvu, hapo mshukiwa wangu wa kwanza ni donda la gome, kuvu anayeitwa Seiridium cardinale. Huenezwa na matone ya maji. Mchanga hauna kosa, maana saipresi yako, Cupressus sempervirens, huchukia maji yanayotuama. Lakini kwao ni Mediterania, kiangazi kikavu. Wewe umeilaza na majani yaliyolowa kila usiku, tena imebanana, upepo haupiti. Kata matawi yaliyokufa mpaka ufikie sehemu nzima, uyachome, na ufute mkasi kwa spiriti kila unapokata. Tawi kuukuu lisilo na majani halichipui tena, kwa hiyo usipunguze ovyo. Ukilipenda mno umbo hilo, ulizia Bolgheri, aina iliyochaguliwa Italia kwa kuhimili donda hili.

Kijana wa Bustani
Saipresi ile nyingine, macrocarpa, je? Asili yake ni Monterey, California, kwenye majabali ya baharini kabisa.

Mzee wa Miche
Chumvi inaiweza, mwanangu. Ila pwani ile ni ya ubaridi na ukungu. Kwenye joto, donda hilohilo huimaliza.

Bi Mvinje
Mbele, upande wa bahari, weka mvinje. Wengi huuita saipresi, ila ni Casuarina, ukoo mwingine kabisa. Hustahimili chumvi, na mizizi yake hushirikiana na bakteria kupata naitrojeni. Nyuma yake, pale maji ya paa yanapokusanyika, panda Taxodium distichum, saipresi ya mabwawa ya Marekani. Unyevu ndio kwao. Hupukutisha majani, usishtuke. Ipe mboji na maji ya kutosha miaka ya mwanzo, na iwe mbali na ukuta, kwani hunenepa sana.

Mama Vitalu
Asanteni sana. Mvinje mbele, Taxodium moja nyuma. Zile 3 zilizobaki siwezi kuzing'oa. Kuanzia kesho maji ni asubuhi, shinani tu.