Ni kipi kinachowashinda wanafunzi wa ukunga wanapofika leba?

Binti wa Arua:
Nawasalimu, dada zangu na mama zangu mlio katika kazi hii. Nimemaliza kidato cha sita nikiwa na Baiolojia na Kemia, na nimepata nafasi ya kusomea stashahada ya ukunga kwa miaka 3. Darasa halinitishi, ila nasikia wengi hukata tamaa wakipelekwa leba. Naomba mnieleze kinachowashinda ni kipi hasa.

Mkunga wa Jinja:
Hongera, mdogo wangu. Watu hudhani ni damu au vilio vya uchungu, lakini hayo huzoeleka. Kinachowashinda wengi ni kungoja bila kulegeza macho. Uchungu ukishakolea, wewe ndiye utakayesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, ambayo yanatakiwa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, na kuyaandika papo hapo katika patografu, yaani chati ya kufuatilia mwendo wa uchungu, kwa sababu patografu inayojazwa mwisho wa zamu ni pambo tu na haimwokoi mtu. Hata mtoto akishalia usipumue bado: mama apate sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10, katika msuli ndani ya dakika moja, na kondo likishatoka mkono wako uwe tumboni mwake kuhakikisha kwamba mji wa mimba umekaza, kwani kuvuja damu ndiko kunakotuulia akina mama wengi.

Mkunga Mstaafu:
Mwenzangu amesema kweli, ila ameiacha lugha. Mwanangu, hapa Uganda unaweza kutoka Arua ukapelekwa mazoezini Busoga, ukamkuta mama anayejua Lusoga tu, na agizo la kumzuia asisukume kabla ya wakati halimsubiri mkalimani. Kiswahili kitakufaa kwa akina mama waliotoka Kongo. Kwa wengine, jifunze maneno ya leba ya mahali hapo tangu wiki ya kwanza, tena kwa wahudumu wa usafi, ambao kwa maoni yangu ni walimu wazuri kuliko sisi.

Binti wa Arua:
Asanteni sana. Na lile daftari la kuthibitisha uzazi niliousimamia, hujazwa lini?

Mkunga wa Jinja:
Siku ile ile, dada. Mkunga aliyekusimamia atie sahihi kabla hajatoka zamu, maana akihamishiwa wodi nyingine utamtafuta mwezi mzima.