Pakeji ya kujaribu tu nayo mpaka ufunguo wa saini? Huu ni uonevu!

Wakuu, zana ya kujenga pakeji (faili za kusakinisha programu) mnaijua, na mtunzaji wake mnamjua, sitaji jina nisije nikampa umaarufu.

Unaanza kujenga. Inapakua tegemezi zote (programu nyingine zinazohitajika), inakompaili mpaka feni inataka kupaa na meza, majaribio yote yanapita. Asilimia 100. Halafu mstari wa mwisho kabisa: ufunguo wa saini (faili la siri la kuthibitisha nani katengeneza pakeji) haupo. Inatoka na kosa, na saraka ya kazi, yaani folda yenye kila kilichojengwa, INAFUTWA. Kwenye asilimia 100, wakuu! Kuangalia kama faili la ufunguo lipo ni mstari mmoja tu pale mwanzoni mwa skripti, lakini wapi, inasubiri umalize ndipo ikutukane vizuri.

Leo watu wameomba saini iwe hiari. Jibu: "Asiye na ufunguo asituchoshe." Asituchoshe!

Saini ya nini kwenye pakeji inayokwenda kujaribiwa ndani ya kontena (mazingira ya muda yaliyotengwa) na kutupwa? Angalieni zana za wenzetu. makepkg ya Arch haisaini mpaka uiambie --sign. rpmbuild ya Fedora inajenga, saini inakuja baadaye kwa rpmsign --addsign. dpkg-buildpackage ya Debian ukiipa -us -uc haidai saini, inanyamaza. Hii yetu tu ndiyo inajiona benki kuu. Na inafuta! Kwenye asilimia 100!

Mzee_Kerneli: Povu lote hili la nini? Alpine (Linux nyingine) nao wanataka ufunguo, watu wanazalisha wao kwa abuild-keygen -a -i mara moja, kazi inaendelea.

bitisifuri: @Mzee_Kerneli mara moja kwenye mashine yako, sawa. Kwenye seva ya ujenzi kila kontena ni jipya. Ukizalisha ufunguo kila mara, hakuna mashine inayouamini, saini inabaki pambo. Ukiuweka wa kudumu ndani ya picha ya kontena (kiolezo kinachozalisha kontena), kila anayeivuta picha hiyo kabeba na ufunguo wako wa siri. Kulazimisha saini ndiko kunakozaa uchafu huu.

DadaMakefile: Hiari naunga mkono, ila msituletee ghala la pakeji lisilo na saini halafu mwambie watu waweke [trusted=yes], yaani apt (kisakinishi cha Debian) iliamini bila kukagua saini, "kwa muda". Haitoki hiyo. Jenga bila saini, kisha saini kwenye mashine nyingine kabla ya kuchapisha. Na kwa apt kinachokaguliwa ni saini ya faili la Release la ghala, ndani yake mna hashi (namba za kutambua kama faili limebadilishwa) za orodha za pakeji, na orodha zina hashi za kila .deb, yaani kila pakeji. Kila .deb haihitaji saini yake.

Chuma_Kutu: Mleta uzi hana shida na saini, analilia saraka 😂😂

fundi_tty: Hayo madogo. Njooni kwenye gpg, programu ya kusaini, inayodai nenosiri la ufunguo kwenye seva isiyo na terminali. Haina pa kuuliza, ujenzi unakufa.

bitisifuri: Iambie isome nenosiri kwenye faili: --batch --pinentry-mode loopback --passphrase-file, na faili liwe chmod 600, lisomwe na wewe tu.

fundi_tty: Na ufunguo ukiisha muda je? Huo ndio ushenzi wenyewe.

DadaMakefile: gpg --quick-set-expire, alama ya kidole ya ufunguo (namba yake ya utambulisho), 1y, unaongeza mwaka. Kama unasaini kwa ufunguo mdogo (ulio chini ya ule mkuu) rudia amri ukiongeza alama ya kidole ya huo mdogo mwishoni, bila hiyo unasogeza ufunguo mkuu peke yake. Kisha sambaza upya ufunguo wa umma.

fundi_tty: Wenye nakala ya zamani?

DadaMakefile: Wataendelea kuambiwa umeisha muda mpaka wachukue mpya.

Mzee_Kerneli: Ndiyo maana wengine hatuweki muda kabisa.

DadaMakefile: Mzee, fungua uzi wako tukushambulie huko.