Rilei ipi inafaa kuwasha na kuzima pampu ya kisima?

Mkulima wa Hombolo
Wakuu, poleni na majukumu. Namwagilia zabibu kwa pampu ya kisima ya kilowati 2.2, umeme wa njia tatu, na nataka ijiwashe tenki likipungua na ijizime likijaa. Fundi alifunga rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya miguu 11 ya ampea 10, akisema pampu inakula ampea tano tu. Siku ya nne tulikuta maji yanafurika tenki. Nilipoifungua rilei, ncha zake zinazogusana kupitisha umeme zilikuwa zimeshikana kana kwamba zimechomelewa. Muuza duka ananishauri ninunue ya kielektroniki, isiyo na kitu kinachocheza ndani. Nifuate ushauri upi?

Fundi paneli, Dodoma Mjini
Mkuu, fundi wako alihesabu ampea za mota ambayo tayari inazunguka. Inapoanza, mota hiyo huvuta mara sita au saba zaidi, yaani ampea 30 na ushee kwa muda mfupi, na hapo ndipo ncha zinapoyeyuka na kugandana. Tena hizo ampea 10 kwa kawaida ni za volti 250, ilhali kati ya njia na njia unakatisha volti 400.
Rilei hiyo usiitupe ikiwa koili (waya wa sumaku unaovuta ncha) ni nzima na ncha nyingine hazijaungua: ipokee amri ya boya (swichi inayoelea tenkini) na kuipeleka kwenye koili ya kontakta, yaani rilei kubwa ya kuwashia mota, kisha kontakta ndiyo ibebe mota. Ubavuni mwa kontakta soma namba ya AC-3, yaani ampea za kuwasha mota, siyo ya AC-1, ya mizigo kama hita, ambayo ni kubwa na wauzaji huipenda. Ampea 9 za AC-3 zinabeba hadi kilowati 4. Chini yake weka ovalodi (kifaa kinachozima mota ikivuta ampea kupita kiasi), uirekebishe kwa ampea za kibao cha mota.

Mwoka mikate
Ya kielektroniki ninayo kwenye tanuri langu, linalowaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, na huko sioni mbadala wake. Hata hivyo hutoa joto la takribani wati moja kwa kila ampea katika kila njia, na ikifa mara nyingi hufa ikiwa inapitisha umeme, yaani pampu haitazimika, tatizo lile lile unalolikimbia.

Mchimba visima, Chamwino
Ongeza rilei ya fezi, inayolinda njia zote tatu za umeme, kwani njia moja ikikatika mota itaunguruma hadi iungue. Vilevile, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla ya mvua, maji ya visima vingi huku hushuka, nayo pampu ya kuzamishwa hupozwa na maji hayo hayo. Weka rilei ya usawa wa maji yenye vijiti kisimani, izime pampu maji yakishuka.

Mkulima wa Hombolo
Nashukuru. Boya langu limo tenkini na waya wake una volti 230. Ni sawa?

Fundi paneli, Dodoma Mjini
Siyo sawa, mkuu, volti 230 ndani ya maji ni hatari. Tumia transfoma ya volti 24 kwa boya, na ile rilei ya miguu 11 uibadilishie ya koili ya volti 24. Soketi itabaki ile ile.