Tupeane uzoefu: vinavyowaangusha watu wa honda (pikipiki) na vespa visiwani, ambavyo darasa la leseni halivigusi

Mwenye mada
Assalaam alaykum jamani. Alama za barabarani tunazijua, kushoto kwetu tunakujua. Ila kuna mambo ya huku kwetu, Unguja na Pemba, ambayo mwalimu wa udereva hayataji na ndiyo yanayotubwaga. Sitaki nasaha za "endesha kwa uangalifu", hizo zimeandikwa hadi nyuma ya daladala. Taja kitu, pahala kilipo, na wewe unafanyaje.

Naanza na kamba ya ng'ombe. Huko shamba ng'ombe hufungwa kando ya njia ale majani, na kamba huwa ndefu. Akivukia upande wa pili, kamba inabaki imelala juu ya lami. Gari itaikanyaga ipite zake. Honda ikifika, ng'ombe anastuka, kamba inakazika usawa wa kifua. Kiza kikianza kuingia huioni kabisa. Mie nikimuona ng'ombe upande mmoja, macho yangu yanakwenda upande wa pili kutafuta kigingi chake. Nisipokiona napunguza mwendo mpaka wa kutembea, na aliye nyuma yangu apige honi atakavyo.

Dada wa Fuoni
Wa alaykum salaam. Kaka zangu, nyote mtazungumza ya mbele. Sisi tunaopakiwa nyuma nani anatuangalia?

Baibui, mtandio na kanga. Mwanamke anakaa ubavu, nguo inapeperuka, ncha inaingia kwenye spoku au kwenye mnyororo. Gurudumu halikati nguo, linaikunja na kuivuta, na mwenye nguo anavutwa nayo chali. Kama ni mtandio umezungushwa shingoni, basi ndiyo shingo hiyo. Jirani yangu alivunjika mkono namna hii honda ikiwa inakwenda polepole, wala hapakuwa na gari ya kugongana nayo. Dereva alihisi mzigo umekuwa mwepesi, ndipo akageuka.

Vespa ina nafuu, gurudumu limefunikwa na bati. Honda hizi za kutoka India nyingi zina wavu wa chuma ubavuni, na Wahindi wameuweka kwa sababu ya sari zao. Vijana wetu wanaufungua, wanasema unaharibu umbo! Na kifuniko cha mnyororo nacho kinakwenda njia hiyohiyo. Mie sipandi honda isiyo na wavu. Nikipanda, nakusanya pindo lote nalikalia, ncha za mtandio nazitia ndani ya baibui. Mtoto simuweki nyuma miguu ikiwa haijafika kwenye vikanyagio, maana kisigino ndicho kinachoingia kwenye spoku.

Mtu wa Wete
Dada kasema kweli. Pemba tuna vilima na kona, na msimu wa karafuu watu wanaanika kwenye majamvi kando ya lami. Unatoka kwenye kona, mbele yako bibi kainama anapindua karafuu zake, na gari inakuja. Siwalaumu, lami inakausha vizuri kuliko udongo. Wakati wa msimu kila kona naichukulia kuwa ina mtu, napiga honi kabla sijaingia.

Lakini lililo baya zaidi ni la kuteremka mlima injini imezimwa, ati petroli isiliwe. Injini ikizimwa unabaki na breki tupu, na breki za mpira uliolika mlima mrefu haziumudu. Tena honda ndogo nyingi taa ya mbele inakula umeme wa injini moja kwa moja. Ukizima usiku, na taa imekwenda. Teremka na gia ile ambayo ungepandia.

Wa Jambiani
Mchanga. Upepo unauleta juu ya lami, hasa penye kona za kuingilia ufukweni. Usishike breki ukiwa umelala kwenye kona, punguza kabla. Na watalii waliokodi skuta, wengi wametoka nchi za kuendesha kulia, kwa hiyo wakitaka kuingia barabara kuu huangalia upande usio wako. Mtalii akisimama kwenye makutano, mie najihesabu sijaonekana.

Fundi wa vespa
Wazee wa vespa, sikilizeni. Vespa za zamani zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili. Oili ikipungua na njia ikiwa ndefu ya jua kali, pistoni inavimba inanata kwenye silinda, na gurudumu la nyuma linafunga papo hapo ukiwa kwenye mwendo. Ukisikia injini inalia kama inabanwa, bana klachi hapo hapo na uache ijiendee yenyewe pembeni. Ndiyo maana vidole viwili vyangu haviondoki kwenye klachi.

Na gurudumu lake ni la inchi 10. Shimo ambalo honda inaruka, vespa inazama. Tairi kipara kwenye mvua ya kwanza ya vuli, vumbi na oili bado viko juu ya lami… hilo sisemi.

Zamu ya Usiku
Nafanya kazi hospitali. Ramadhani, ile nusu saa kabla ya adhana ya magharibi tunajua watakuja. Mtu kafunga, kiu, jua liko usoni, na mfuko wa boflo na tende umening'inia kwenye usukani. Akikata kona mfuko unabanwa kati ya usukani na tangi, usukani haurudi. Mzigo ufungeni nyuma, hata futari ikichelewa.

Kofia ngumu: uchambuzi wa tafiti wa Cochrane (mtandao wa watafiti wa tiba) wa mwaka 2008 ulikadiria kwamba kwa waliopata ajali inapunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini ifungwe mkanda. Isiyofungwa inatangulia kuanguka kabla ya mwenyewe. Na mkimkuta majeruhi msimvue kofia kwa pupa, wala msimpakie mshikaki katikati ya watu wawili kumkimbiza. Shingo inaweza kumalizikia hapo. Pigeni 112, tafuteni gari atakayolala.

Kofia ya Viua
Mwanangu wa hospitali, mie na vespa yangu tumezeeka pamoja. Joto hili, na kofia yangu ya viua, hii ya kitambaa, niiweke wapi?

Mwenye mada
Itie kifuani mzee wangu, uivae ukifika. Ukiivaa chini ya ile ngumu, ile ngumu haikai sawa. Kuna Muingereza, T. E. Lawrence, yule wa vita vya Waarabu na Waturuki. Mwaka 1935 alianguka na pikipiki akiwakwepa watoto wa baiskeli, kichwa wazi, akafa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, aliendelea kuchunguza ajali za matarishi wa jeshi wenye pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha hoja ya kofia ngumu. Basi usibishe, ami.

Kofia ya Viua
Haya, nitaitia kifuani. Mkanda lakini unaniwasha ndevu.

Mwenye mada
Wa Nungwi na Makunduchi bado sijawasikia. Na jambo la Dada wa Fuoni lisipotee: ule wavu ukishatupwa, unapatikana wapi?

Fundi wa vespa
Unachomelewa tu. Nondo nyembamba, sahani mbili za kufungia boliti, kazi ya asubuhi moja. Ila leta honda yenyewe, sipimi kwa picha ya simu.