Injini imefunguliwa mwezi jana, leo inatoa moshi wa bluu. Fundi anasema ni mimi!

Wadau wa bodaboda, leo sina salamu ndefu. Nimetoka kwa fundi wa Kibuye, hapa Kisumu, sasa hivi na hasira imenikaba kooni.

Mwezi jana Boxer yangu ilifunguliwa injini. Pistoni ilikuwa inagonga kama askari wa kanjo mlangoni. Nikakopa chamani, silinda ikachongwa, ikaingia pistoni ya saizi 0.50, yaani kubwa kidogo kuliko ya kwanza, ringi mpya za pistoni, gaskiti mpya. Jioni fundi akapiga kiki moja tu, ikaitika. Nikamnunulia hadi soda.

Balaa lilianzia hapo. Fundi akasema: "Usiiendeshe. Iache ingurume hapo hapo kwenye stendi izoee." Masaa manne! Boxer haina rejeta jamani, inapozwa na upepo wa barabarani. Ikiwa imesimama inapata upepo gani? Ilipoanza kunuka joto, akachukua kipande cha katoni akawa anapepea kama mama wa mahindi choma. Na mimi nimesimama pale namwangalia, mjinga namba mbili.

Tena akaniagiza: kilomita 1,000 za kwanza nisipite spidi ya 40, na oili nisiiguse. Nikatii kama mtoto wa madrasa.

Nimekuja kuelewa nikiwa nimechelewa. Ringi hazikai vizuri kwa kubembelezwa. Presha ya mlipuko ndiyo inayozisukuma zibane ukuta wa silinda, na ukuta wenyewe huachwa na mikwaruzo midogo ya kupishana ili visagane vizoeane. Injini ikinguruma tu bila kazi, presha ni ndogo, oili inaungua kwenye ile mikwaruzo na ukuta unakuwa laini kama kioo. Hapo ringi haikamati tena. Ilitakiwa ipate moto dakika chache, kisha niingie barabara ya Ahero pale ni tambarare, nifungue mafuta kiasi ivute, niachilie, nifungue tena, mwendo ukibadilika badilika. Sio kuiminya mpaka mwisho, na sio kupanda kilima cha Riat na abiria wawili. Lakini ifanye kazi!

Na oili ya kwanza humwagwa mapema kwa sababu ndiyo inayobeba unga wa chuma. Mimi nilimwaga kwenye kilomita 600 kwa wasiwasi wangu tu. Ilimetameta kama rangi ya kucha. Hicho ndicho kilichokuwa kinazunguka ndani siku zote hizo.

Sasa inakunywa oili karibu nusu lita kwa wiki. Abiria wanaziba pua. Mmoja alishuka Mamboleo kabla hatujafika akasema atatembea.

Nikamrudia fundi, akaniambia: "Omera (ndugu), wewe umebeba mizigo mizito." Mizigo gani kwa mwendo wa 40? Akataka nilipe ringi tena na pesa ya ufundi juu.

Leo fundi mwingine wa Kibuye ameitoa silinda mbele yangu. Ukuta unang'aa, unaweza kunyolea ndevu hapo. Mikwaruzo hakuna. Ameniambia ikwaruzwe upya, ringi zibadilishwe, na tukishaiwasha niondoke nayo hapo hapo.

Silinda sijamwachia bado. Nimeifunga kwa gazeti. Kesho saa moja asubuhi napita nayo Kondele kwa yule fundi wa kwanza, aniambie hayo ya mizigo mbele ya wateja wake.