Vibonzo vya zamani: nyeusi na nyeupe, au rangi za toleo la kwanza?

Kurasa Mia Tano: Wakuu, hela ninayo ya kitu kimoja tu. Kuna kile kitabu kinene cha mfululizo wa Essential wa Marvel, kurasa kama 500, hadithi ishirini na kitu, zote nyeusi na nyeupe. Kuna pia matoleo matatu ya awali ya miaka ya 70, ya rangi, yamechoka ila hayajachanika. Nataka kusoma, si kuweka kabatini. Nichukue kipi?

Wino Mtupu: Kitabu kinene, wala usiumize kichwa. Hadithi tatu zilizokatikia njiani utazifanyia nini? Humo utaona mistari ya mchoraji kama alivyoiweka. Zile rangi zilikuwa za kupakaza tu, za kufurahishia watoto.

Binti Sayani: Za kupakaza tu? Kaka, mimi kazi yangu ndiyo hiyo. Mtu alikaa na nakala ya ukurasa, akaupaka kwa mkono, akaandika kwenye kila eneo herufi na namba za mchanganyiko, mchapaji akafuata. Njano, nyekundu na buluu, kila moja kwa viwango vinne kuanzia sifuri. Zidisha, unapata 64, basi. Na humo akutolee moto, bahari na ngozi ya mtu. Kaa nayo siku moja halafu urudi useme watoto.

Wino Mtupu: Yaishe dada, sikukutaja. Lakini Wajapani wanasoma manga bila rangi, na sijasikia wakilalamika.

Binti Sayani: Manga inachorwa ikijua rangi haiji, vivuli vyake inabeba yenyewe. Hawa wengine waliacha anga wazi wakijua buluu ya usiku itakuja. Iondoe buluu, mwizi ananyata saa sita mchana. Ukimchukua Hulk ukamnyima kijani chake, anabaki jitu lenye suruali iliyochanika.

Mzee wa Kijivu: Kijani *chake*? Toleo la kwanza, 1962, Hulk alikuwa kijivu.

Domo Refu: Mzee, usitupige kamba. Hilo lilikuwa kosa la uchapaji.

Mzee wa Kijivu: Kijana, kijivu kilikusudiwa na Stan Lee mwenyewe, mwandishi wake. Kilichoshindikana ni mtambo kukitoa sawasawa: ukurasa huu jivu, ule karibu na mweusi. Toleo la pili wakamgeuza kijani. Na marudio ya miaka mingi baadaye yakampaka kijani hata kwenye ile hadithi ya kwanza. Sasa niambie rangi ya asili ni ipi.

Wino Mtupu: Umemaliza kesi, mzee! Kitabu cha nyeusi na nyeupe ndicho pekee kisichodanganya.

Domo Refu: Hata jiwe halidanganyi. Na bado nasema Hulk ni kijani.

Binti Sayani: Mzee ametetea toleo la kwanza, wewe Wino unashangilia la nini? *The Killing Joke*, hadithi ya Batman ya 1988, ilitiwa rangi na John Higgins. Mwaka 2008 mchoraji wake, Brian Bolland, akaipaka upya yote. Rangi kali za Higgins zikaenda na maji.

Wino Mtupu: Kwa hiyo mchoraji hana haki na mchoro wake?

Binti Sayani: Anayo. Na mimi nina haki ya kutafuta ile ya 1988. Ukifutwa jasho lako wewe, ndipo tutaongea.

Domo Refu: Dada, tulikuwa kwa Hulk.

Kurasa Mia Tano: Wakuu, nimeshachukua yale matatu ya rangi. Kingo zimekuwa njano na yananuka stoo. Naweza kuyarudisha meupe?

Mzee wa Kijivu: Hayarudi. Ni karatasi ya magazeti, asidi imo humo humo. Mfuko wa plastiki, kadibodi isiyo na asidi nyuma yake, mbali na jua. Na usiyafute kwa kitambaa chenye maji.

Domo Refu: Hulk yumo?

Kurasa Mia Tano: Yumo, kwenye moja. Kijani. Ila wakati wa kuchapa rangi ilihama: bega lake liko hapa, ukijani wake uko pale.